Zabibu Katikati ya Lambo

Kazi yangu ni kupanga mandhari. Nikiwaambia hivyo watu wa kwetu Tarime, wananiuliza kama Mungu alishindwa. Kwa hiyo nimezoea kusema mimi ni fundi wa bustani, hapo wananielewa na kuniomba miche. Nimeotesha nyasi kwenye vituo vya mafuta, nimepanga mawe kwenye hoteli za watalii karibu na hifadhi, na kuna ukumbi wa harusi niliouchorea chemchemi nzuri ambayo mwenyewe aliigeuza mahali pa kunyweshea mbuzi. Nilidhani nimeyaona yote. Sikujua kwamba nitaitwa kupanga mandhari ya shamba la zabibu kisiwani, tena kijijini Nyambureti, ambako hakuna kisiwa.

Kisiwa kilitengenezwa kwa bahati mbaya. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alichimbisha lambo la kunyweshea ng'ombe chini ya mji wake. Huku kwetu mji ni boma la mtu: nyumba zake, zizi lake, wake na watoto. Dereva wa katapila alipofika katikati akakuta mwamba, akauzunguka, akaendelea na kazi, jioni akapanda pikipiki akaondoka. Mvua zilipokuja, maji yakajaa pande zote na ule mwamba na udongo wake ukabaki juu, mkubwa kiasi cha kutosha nyumba moja na ugomvi wa ndugu wawili. Bata ndio waliokipenda kwanza. Baada ya bata, baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa," nilimwamkia siku aliponiita.

"Marahaba. Pale," akanyoosha fimbo kuelekea kwa bata. "Nataka shamba la zabibu. Na kiwanda kidogo cha mvinyo. Na njia ya mgeni kufika. Wewe si umesomea? Chora."

"Mgeni gani?"

"Mgeni ni mgeni. Ni biashara."

Nyambureti nzima ilimjua huyo mgeni. Alikuwa binti yake, dada yangu kwa ukoo. Miaka ya nyuma wazee walimletea mchumba, akamkataa, kisha akapata nafasi ya chuo Dodoma kusomea utengenezaji wa mvinyo. Baba mkubwa alilimeza la mchumba. La mvinyo lilimkwama kooni. "Unakwenda shule kusomea pombe?" alifoka. "Bibi yako alipika pombe maisha yake yote, cheti chake kiko wapi?" Walibishana pale zizini, majirani wakisikiliza, na binti ana ulimi wa baba yake. Mwishowe baba mkubwa akainama, akachota udongo, akaulamba, akaapa kwamba binti yule hatakanyaga tena udongo wa mji wake mpaka yeye mwenyewe atakapokufa. Dada akabeba begi lake. Mimi nilikuwepo. Baadaye nilimwona baba mkubwa nyuma ya ghala akiutema ule udongo na kusukutua kwa maji mengi, na nilimwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja.

Kwetu kiapo cha kulamba udongo si maneno tu. Kikivunjwa, mmoja kati ya aliyeapa na aliyeapiwa atakufa, na baba mkubwa aliamini kwa moyo wote kwamba atakuwa mtoto, kwa sababu kifo, alisema, hakina adabu ya kuanza na mkubwa. Njia ya kukiondoa ipo. Unachinja kondoo, halafu unasimama mbele ya watu unakiri kwamba ulikosea. Kondoo alikuwa nao wengi.

Basi nikachora. Mchoro wangu wa kwanza, niseme ukweli, ulikuwa mzuri sana. Niliweka mistari ya zabibu ikifuata mgongo wa kisiwa, kiwanda cha mviringo chenye paa la nyasi, na viti vya mawe vinavyotazama milima ya upande wa hifadhi jua linapozama. Kutoka nyumbani kwake nilishusha kinjia cha changarawe chenye maua pande zote mpaka ukingoni. Baba mkubwa aliushika ule mchoro juu chini, kisha chini juu.

"Hivi viti vinatazama wapi?"

"Milimani."

"Milimani kuna nini? Ng'ombe wako huku. Vigeuze." Kisha kidole kikatua kwenye kinjia. "Na hii ni nini?"

"Njia."

"Inapita juu ya udongo wangu."

"Baba mkubwa, njia zote zinapita juu ya udongo."

"Hii isipite."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Nilitakiwa kupanga mandhari ambayo mtu ataingia, atatembea, atakaa, atakula na kutoka bila unyayo wake kugusa udongo wa mwenye shamba. Chuoni walitufundisha kuhusu upepo, mteremko, mizizi na kivuli. Hiki hawakukigusa. Nilikasirika nikarudi Tarime, nikakaa siku kadhaa nikijisemea kwamba siwezi kuchezewa. Kisha nikarudi Nyambureti, kwa sababu nilimkumbuka dada, na kwa sababu, Mungu anisamehe, lilikuwa swali zuri la ufundi.

Jibu lilikuwa daraja. Barabara kuu ni ya serikali, udongo wake si wa mtu. Kutoka barabarani daraja la mbao litapanda juu ya nguzo, litavuka malisho, litavuka maji, litashukia kisiwani. Baba mkubwa alifurahi mpaka akaniitia soda. Lakini hakutaka kuamua peke yake, akaita wazee.

Wazee walikaa chini ya kibanda cha ghala, na aliyewaongoza alikuwa jirani mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa na mama wa dada, alileta ugali na kambare, akanawisha watu mikono, akarudi jikoni. Swali lilikuwa hili: nguzo za daraja zitachimbiwa kwenye udongo wa mji. Mtu akitembea juu ya mbao, si amekanyaga?

"Nguzo ndiyo inakanyaga," alisema mzee wa kofia. "Mtu anaikanyaga nguzo. Kila mmoja na lake."

"Ukipanda punda, si punda ndiye anakanyaga?" mwingine akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Basi mpandisheni punda yaishe!"

"Mura, binti wa watu aje kwa baba yake juu ya punda, kama gunia?" wa tatu akamkemea, akimwita mzee mwenzake kijana.

Wakakubaliana kwamba punda ni aibu na daraja ni heshima. Walikula ugali wote. Nilikuwa nimekuja na kipimo cha mteremko, hakuna aliyekigusa.

Shida ya pili ni kwamba kisiwa chenyewe kilikuwa udongo wake. Nilipomwambia, alinitazama kama vile nimechelewa kuamka. Alikuwa amekwishaagiza udongo kutoka Dodoma. Malori mawili yalifika yamejaa, na dereva wa la mbele alishuka akiwa amechoka na watu. Alisema kila kizuizi waliulizwa wamebeba nini, na kila aliposema udongo, askari walipanda juu kutafuta kilichofichwa chini ya udongo. Tuliumwaga mzigo ule ukingoni, ili uvushwe kwa mtumbwi karai kwa karai baada ya kisiwa kutandikwa nailoni nzito.

"Mizizi itapumulia wapi juu ya nailoni?" nilimuuliza baba mkubwa. "Lazima niitoboe."

"Toboa. Mizizi haikuapiwa."

Sasa, mtu wa mkoa mwingine angeona marundo mawili ya udongo mwekundu akapita zake. Huku kwetu mtu hasafirishi udongo kwa lori bila sababu. Tangu mgodi wa Kewanja mpaka kwenye vishimo vidogo vya porini, udongo unaopanda gari ni udongo wenye dhahabu. Habari zikavuma kwamba mzee wa Nyambureti ameleta mawe ya Dodoma kwa siri na zabibu ni danganya toto. Jumapili tulipokuwa kanisani, vijana waliokuja mkoani kwetu kufuata dhahabu walifika na makarai yao, wakakaa ukingoni mwa lambo, wakaanza kuosha. Tulirudi tukakuta rundo moja limebaki nusu na maji ya lambo yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Baba mkubwa alinyanyua fimbo. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mikono iliyochanika, hakukimbia. Alinifuata mimi akaongea polepole, kwa huruma ya fundi kwa mtu aliyetapeliwa. "Dada, pole. Huu udongo hauna kitu. Tumejaribu juu, tumejaribu katikati, hamna. Aliyewauzia ni mwizi." Kisha akanishauri tusilipe lori la pili.

Hasara haikuwa udongo uliooshwa. Hasara ilikuwa kwamba wamekanyagakanyaga ukingo mzima, udongo wa Dodoma na wa Nyambureti ukachanganyika. Wazee wakaitwa tena. Mama mkubwa akapika tena. Mzee wa kofia alizunguka lile tope mikono nyuma.

"Ng'ombe wa jirani akichanganyika na wako unamjua kwa alama," alisema. "Udongo una alama gani?"

"Wa Dodoma ni mwekundu," nilisema. "Wetu ni mweusi."

"Basi chambueni."

Tukachambua. Mimi mwenye shahada yangu nilikaa juu ya kigoda pamoja na wanawake walioolewa katika mji ule, sinia mapajani, tukitenga bonge jekundu na bonge jeusi kama watu wanaotoa mawe kwenye mchele. Nilipandisha hasira mpaka nikacheka, na nilipoanza kucheka wale wanawake wakacheka pia, na mmoja akasema kwamba amewahi kuchambua maharage, dagaa na wakwe zake, lakini udongo ni mara ya kwanza. Jioni ile nilimpigia dada simu nikamweleza. Nilidhani mtandao unakatakata sauti yake. Kumbe alikuwa akilia.

"Mimi siamini kiapo," aliniambia alipotulia. "Lakini yeye anaamini. Nikikanyaga pale, halafu mwezi unaofuata nikaumwa hata malaria ya kawaida, mawazo yatamuua. Mwambie zabibu zikiiva nitakuja kuzionja. Kikazi."

"Kikazi," nilimwambia baba mkubwa.

"Sikukuambia ni biashara?" alijibu, akageuka upande wa zizi haraka, akawafokea ndama ambao hawakufanya kosa lolote.

Kujenga mandhari ni jambo moja, kuilinda ni jambo jingine. Miche ilishika. Kiwanda kilisimama, chumba kimoja cha mviringo chenye mapipa ya plastiki ya bluu na dirisha linalotazama zizi. Lakini ng'ombe waligundua kwamba nguzo za daraja ni nzuri sana za kujikunia, na kila asubuhi daraja lilitikisika kama lina homa. Mbuzi walipanda juu wakalifanya baraza lao. Kila mbuzi aliyepanda alileta udongo wa mji kwato nne, kwa hiyo baba mkubwa akawa analifagia daraja lote mwenyewe, mzee wa mvi, na fagio la kike mkononi. Watu wa barabarani walisimamisha baiskeli kumtazama. Kule kisiwani hakuna aliyeruhusiwa kushuka kabla ya kunawa miguu kwenye beseni. Fundi wa nyaya aliyetoka Machochwe alinawishwa miguu mara nyingi kwa siku mpaka akauliza kama hili ni kanisa jipya.

Mvua zetu nazo hazikujua habari za zabibu. Zabibu inapenda jua na ukavu, na Nyambureti ikiamua kunyesha inanyesha. Ukungu ukaingia kwenye majani, vishada vingi vikaoza vikiwa vidogo, vilivyonusurika vikavamiwa na ndege aina ya kwelea. Nilifunika mistari kwa vyandarua vya mbu. Kwa mbali shamba langu lilionekana kama bweni la shule. Msimu ule wa kwanza, kwenye kisiwa kizima, viliiva vishada vya kujaza sufuria moja. Baba mkubwa alivitazama kwa muda mrefu.

"Zimeiva?" aliuliza.

"Zimeiva."

"Basi mpigie."

Dada alishukia barabarani asubuhi, amevaa koti la kazi jeupe na viatu vya ngozi, na kishikwambi mkononi, kikazi kweli. Wazee walikuwa wamekwishapangwa kando ya daraja wamevaa makoti. Alipanda ngazi kutoka kwenye lami, akaanza kutembea juu ya mbao zangu, na ng'ombe wakamtazama kutoka chini. Mimi nilitembea nyuma yake nikizisikiliza nguzo. Baba mkubwa alimngojea kisiwani karibu na beseni. Alipomwona anakaribia alisahau yote aliyojiandaa kusema. "Nawa miguu," alimwambia.

"Shikamoo tata," dada alisema.

"Marahaba. Nawa."

Akanawa. Akaonja zabibu moja, akaifikiria, akasema ina maji mengi na sukari kidogo, ila si mbaya kwa mwanzo. Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa kila neno kana kwamba anasomewa hukumu njema. Walikaa kwenye vile viti, wakatazama ng'ombe, wakazungumza habari za ukungu wa majani. Nilijisikia fahari. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nilikuwa nimeanza kufikiria picha nitakazowaonyesha wateja wengine, pale dada alipouliza:

"Mama yuko wapi?"

Mzee wa kofia alitumwa kumwita. Alikwenda akarudi peke yake. "Anasema yeye si mtalii," alitoa taarifa. "Anasema hapandi ngazi za barabarani kwenda kumwona mwanawe. Atamwona nyumbani kwake."

Nikaukunjua mchoro wangu, sijui nilitegemea kuona nini. Daraja lilitoka barabarani likaenda kisiwani. Kwenda kwenye nyumba ya mama mkubwa hapakuwa na hata ubao mmoja. Katika vikao vyote, michoro yote, malori na makarai, hakuna aliyewaza kwamba mtoto akija kwao atataka kumwona mama yake, na mimi mwanamke nilikuwa miongoni mwa hao. Niliona aibu.

Wazee wakaanza upya palepale. Walete mbao za akiba. Watandike ngozi za ng'ombe. Mmoja akamkumbusha mwenzake habari ya punda. Mzee wa kofia alitumwa tena kwa mama mkubwa kumwomba alegeze, na jibu aliloleta lilikuwa fupi: chakula kinapoa. Dada alisimama ukingoni mwa kisiwa akitazama moshi wa jiko la mama yake juu ya kilima. Hakuwa na sura ya kazi tena. "Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Mwambieni nilifika."

Baba mkubwa aliiweka fimbo yake chini. Akatembea mbele yake, akampa mgongo, akachuchumaa.

"Panda," alisema.

"Tata, utavunjika."

"Panda, nimesema."

Mwanamume wa kwetu habebi mtoto mgongoni. Anabeba jembe, anabeba ndama mgonjwa mabegani, mtoto ni wa mama yake na dada zake. Mzee mmoja akatazama pembeni. Dada alipanda, mtu mzima na koti lake jeupe, viatu vikining'inia, mikono shingoni kwa mzee. Baba mkubwa aliinuka akitetemeka. Hakwenda darajani. Alishuka moja kwa moja kwenye maji, upande wa kunyweshea ng'ombe ambako lambo halina kina, yakamfika magotini, kisha kiunoni, kisha akatokea ng'ambo akitiririka maji, akaanza kupanda kilima. Sisi tulimfuata juu ya daraja tukikimbia kwenda barabarani ili turudi kwa njia ya kawaida, kwa sababu daraja langu halikuwa na pa kushukia.

Tulimkuta katikati ya mteremko amesimama, anahema kwa sauti, mate yanamtoka. Hakuweza kumweka chini apumzike. Alikuwa juu ya udongo wa mji wake. Nilinyoosha mikono nimpokee, akanikemea kwa macho.

"Hajakanyaga," mzee wa kofia alikuwa akisema nyuma yetu, kwa kila hatua. "Hajakanyaga. Hajakanyaga bado."

Alifika mlangoni kwa mkewe magoti yakigongana. Mama mkubwa alikuwa ndani, amesimama kizingitini na mwiko mkononi, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Aliwatazama wote wawili, kisha akatutazama sisi tuliokuja nyuma tukiwa tumejaa matope, wazee na makoti yao na mimi na mchoro wangu.

"Vikao vyote vile niliwapikia mimi," alisema, "na hakuna aliyeniuliza." Kisha akasogea pembeni kumpisha mumewe. "Ingia umshushe. Humu ndani ni kwangu, na mimi sikuapa."